Gari la mamilioni ya dola: fedha zinaenda wapi?

Fundi mmoja wa kunyoosha bodi ameniandikia hivi:

"Shikamoo mzee. Hapa gereji tumebishana wiki nzima. Tumesoma kwamba kuna Bugatti moja iliuzwa euro milioni 11, kuna Rolls-Royce inayosemekana kufika dola milioni 28, halafu kuna Mercedes ya zamani, ya mwaka 1955, iliyouzwa dola milioni 143. Mimi nanyoosha bodi mwaka wa 12 sasa. Bati nalijua, rangi naijua, ndani ya mlango najua kuna nini. Sioni gari lenye kitu cha thamani hiyo hata ukilifungua skrubu zote. Wenzangu wanasema tajiri anauziwa jina tu. Je, fedha hizo zinaenda wapi? Na swali dogo la pili: mtu akiniletea paneli ya kaboni iliyopasuka, niipokee?"

Marahaba, fundi. Kuna jambo moja umelisema sawasawa, na nianzie hapo. Ukiyafungua magari hayo skrubu kwa skrubu ukapanga kila kitu mezani, vyuma, ngozi, mbao na nyaya, ukapima kwa bei ya sokoni, hutaikaribia bei yake. Malighafi ni sehemu ndogo sana. Lakini "jina tu" nalo si jibu. Uthamini wa magari ndiyo kazi iliyonilea, na jibu hilo huwa linaniuma, kwa sababu linafuta jasho la watu wengi ambao hakuna anayewataja.

Tena magari matatu uliyoyataja msiyatie kapu moja. Bugatti hiyo, inayoitwa La Voiture Noire, ilizinduliwa Geneva mwaka 2019. Euro milioni 11 ni bei kabla ya kodi, na gari ni moja tu duniani. Rolls-Royce mnayobishania bila shaka ni Boat Tail ya mwaka 2021. Yalitengenezwa matatu, kila moja kwa mteja wake, na kampuni yenyewe haikutangaza bei. Hiyo milioni 28 ni ya magazeti. Mercedes ni gari la mbio la miaka ya hamsini lililouzwa mnadani. Mawili ya kwanza yana bei ya kutengenezwa. La tatu bei yake haihusiani kabisa na gharama ya kulitengeneza. Mkichanganya hayo, ubishi hautaisha.

Tuanze na magari mapya, na hesabu yake ni ya kugawanya. Kabla gari jipya halijauzwa hata moja, kampuni imeshamwaga fedha. Injini imechorwa, imewashwa kwenye mtambo wa majaribio na kuchoshwa mpaka ikafa, ikachorwa tena. Magari mazima yamegongeshwa ukutani ili kupata kibali cha kutembea barabarani. Kalibu ya kila kipande imechongwa. Gharama hizo hazijali utauza magari kumi au milioni kumi. Tuseme, kwa mfano tu, zimefika dola milioni 500. Ukiuza magari milioni moja, kila mnunuzi anabeba dola 500 na wala hasikii uzito. Ukiuza magari 500, kila mmoja anabeba dola milioni moja kabla hujakaza bolti ya kwanza.

Sasa tazama idadi za kweli. Mwaka 2023 kundi la Toyota liliuza magari zaidi ya milioni 11. Mwaka huohuo Ferrari iliwakabidhi wateja wake magari 13,663. Toyota wanafikisha idadi hiyo kabla nusu siku haijaisha. Na Ferrari, mbele ya Bugatti, ni kiwanda kikubwa: Bugatti Veyron ilianza kutengenezwa mwaka 2005, ikafungwa mwaka 2015, na kwa miaka yote hiyo yalitoka magari 450. Iliyofuata, Chiron, ilipangiwa magari 500.

Hiyo Veyron nitakaa nayo kidogo, kwa maana ndiyo inayojibu swali lako waziwazi kuliko gari lolote ninalolijua. Ferdinand Piëch, aliyekuwa kiongozi wa Volkswagen, kampuni iliyoinunua Bugatti, aliwapa wahandisi wake masharti: nguvu za farasi zaidi ya elfu moja, mwendo wa zaidi ya kilomita 400 kwa saa, na gari hilohilo mtu aweze kulipanda jioni, kwa utulivu, kwenda kwenye tamasha. Walitoka na injini ya lita 8, silinda 16, turbo 4, nguvu za farasi 1,001, na rejeta 10. Kumi, fundi. Kila nguvu inayoingia magurudumuni ina mwenzake wa joto anayetafuta pa kutokea, na kama hujamwandalia njia, anayeyusha gari. Likauzwa kwa euro milioni moja na ushei, watu wakashangaa bei. Mwaka 2013 wachambuzi wa Bernstein, kampuni ya utafiti wa uwekezaji, walikadiria kwamba Volkswagen ilipata hasara ya zaidi ya euro milioni 4 kwa kila gari. Gari la euro milioni moja, na bado aliyeuza ndiye aliyepunjika! Waambie wenzako: hapo tajiri hakuuziwa jina. Alilipiwa sehemu kubwa ya gharama.

Wataniuliza, kwani mwendo una ugumu gani, si unaongeza injini? Hapana. Nguvu inayohitajika kupasua hewa inapanda kwa mwendo kujizidisha mara tatu. Ukitaka kutoka kilomita 400 kwa saa kufika 440, mwendo umeongezeka kwa asilimia 10, lakini nguvu ya kupambana na hewa inapanda kwa asilimia 33. Ikiongezeka nguvu, joto linaongezeka, likiongezeka joto, unaongeza rejeta, rejeta zinaongeza uzito na zinazuia hewa, unarudi mwanzo. Veyron ikikimbizwa mpaka mwisho wa uwezo wake, tangi la lita 100 linakauka kwa takriban dakika 12.

Halafu matairi. Agosti 2019, kwenye njia ya majaribio ya Ehra-Lessien, Ujerumani, dereva Andy Wallace aliifikisha Chiron iliyoboreshwa kwenye kilomita 490.484 kwa saa. Piga hesabu ya tairi katika mwendo huo: kila gramu moja iliyoko ukingoni inavutwa kwenda nje kwa nguvu ya zaidi ya kilo 5. Ndiyo sababu matairi ya siku ile yalipigwa eksirei kabla ya kufungwa, waya baada ya waya, kuhakikisha hakuna uliolala vibaya. Hilo si tairi la kununua dukani.

Na breki. Mwaka 2018 Bugatti walionyesha kalipa ya breki, kile kibanio kinachobana diski, ya titani iliyochapwa kwa mashine ya leza, unga wa titani ukiyeyushwa tabaka juu ya tabaka. Tabaka 2,213, saa 45 za mashine, kalipa moja. Ya alumini ilikuwa na kilo 4.9, hii ikawa na kilo 2.9. Kilo mbili! Gari la kawaida litakwambia kilo mbili ni chupa ya maji. Kwenye gurudumu la gari la kilomita 400 kwa saa, kilo mbili ni vita, na vita hivyo vinalipwa kwa saa za wahandisi.

Sasa nije kwenye mikono, hapo wewe utanielewa kuliko msomaji mwingine yeyote.

Chukua bodi ya nyuzi za kaboni. Watu hudhani ni plastiki nyeusi yenye mirabaraba. Nyuzi hufumwa kama kitambaa, hutiwa gundi ya resini, na huhifadhiwa kwenye friza ili gundi isiive kabla ya wakati. Fundi anaitoa, anaikata, anailaza ndani ya kalibu kwa mkono, tabaka hili likielekea huku, lile likielekea kule, maana nguvu ya kaboni iko kwenye uelekeo wa uzi. Anaifunika kwa mfuko, hewa inanyonywa, kisha kipande kizima kinaingia kwenye tanuri la mgandamizo, kinaokwa kwa saa kadhaa huku kikibanwa. Kiputo kimoja cha hewa kikibaki ndani, kipande kinatupwa. Hakuna puti ya kuficha kosa.

Siku ukikutana na gari la Pagani, inama mbele ya boneti utazame pale katikati. Mfumo wa nyuzi wa upande wa kushoto unakutana na wa kulia kwenye mstari mmoja, kama mifupa ya samaki kwenye uti wa mgongo, uzi kwa uzi, kuanzia kioo mpaka pua. Kisha fuata mstari huo mlangoni: unavuka mwanya, unaendelea upande wa pili kana kwamba mwanya haupo. Wewe umeshalinganisha rangi ya mlango mpya na bodi ya zamani. Unajua ilivyo kazi. Hapa wanalinganisha kitambaa, na kitambaa kikishaiva hakisogezwi.

Mwenye kampuni hiyo, Horacio Pagani, ni mzaliwa wa Argentina aliyehamia Italia kufanya kazi Lamborghini. Aliwasihi wanunue tanuri la mgandamizo, wakamkatalia, kwa hoja kwamba hata Ferrari hawakuwa nalo. Alikopa fedha akanunua lake. Kiwanda chake kikazaliwa humo.

Koenigsegg wa Sweden walikwenda mbali zaidi. Walitaka kaboni inayong'aa nyeupe kama fedha, wakabuni njia ya kuzipaka nyuzi utando wa almasi kabla ya kuzifuma. Gari likaitwa CCXR Trevita, bei ikatajwa kuwa dola milioni 4.8. Walipanga kutengeneza matatu. Yalitoka mawili, kwa sababu kazi ya kuzitengeneza nyuzi hizo iliwashinda muda.

Kwa Rolls-Royce mikono inafanya kazi nyingine. Ule mstari mwembamba wa rangi unaopita ubavuni unachorwa na mtu, kwa brashi ya manyoya ya kindi, bila tepu. Nyota zinazowaka kwenye dari ni nyuzi za mwanga, na kila tundu limetobolewa kwa mkono. Dari moja huwa na nyuzi kuanzia 800 mpaka 1,600. Ngozi ni ya madume waliolelewa nyanda za juu zenye baridi, kusiko na wadudu wengi wa kuwauma, kwa maana jeraha la mbu au la seng'enge linabaki kwenye ngozi kama doa kwenye shuka. Majike hawatumiki: ngozi yao huvutika wakati wa mimba.

Mwaka 2023 kampuni hiyo ilitoa La Rose Noire Droptail. Ndani yake kuna pambo la mbao mfano wa petali za waridi zinazoanguka, limeungwa kwa vipande 1,603 vya mbao nyembamba za sycamore, mti wa Ulaya, zilizotiwa weusi. Fundi mmoja aliikata, akaisugua na kuipanga kazi hiyo kwa karibu miaka miwili. Alikuwa akifanya kwa vipindi vya saa moja moja, na kwa siku hazidishi saa tano, ili jicho lisichoke. Miaka miwili ya maisha ya fundi bora, kwa ajili ya kipande kimoja cha ndani ya gari moja. Mkisema "jina tu", mnamfuta mtu huyo.

Boat Tail unayoiuliza ni hivyo hivyo: miaka minne ya kazi, bodi yenye paneli za peke yake, na kule nyuma buti linafunguka kwa mabawa mawili kama kipepeo, likatoa meza, vyombo, mwavuli na friji ya shampeni. Magari matatu tu. Rudi kwenye hesabu ya kugawanya, badala ya 500 weka 3. Umepata jibu.

Je, jina halina sehemu yake? Lina, nami sitakudanganya. Ukishamaliza kuhesabu vyuma, saa na majaribio, kuna fungu linalobaki, na fungu hilo ni adimu ya makusudi. Ferrari inaweza kutengeneza magari mengi zaidi ya inayotengeneza, haitaki. LaFerrari ilitangazwa kuwa na magari 499, yote yakaisha. Mwaka 2016 likaongezwa moja tu, la 500, likapigwa mnada kwa ajili ya watu waliokumbwa na tetemeko la ardhi katikati ya Italia, likafika dola milioni 7. Lile la 500 kimsingi lilikuwa gari lilelile kama la 499. Kilichozidi ni kwamba mlango ulikuwa umefungwa na mtu mmoja akafunguliwa.

Lakini jina peke yake haliuzi, na ushahidi upo. Mwishoni mwa miaka ya 1920 Ettore Bugatti alitengeneza Type 41, Royale, gari la wafalme, lenye injini ya lita 12.7. Ukaja mdororo mkubwa wa uchumi. Wafalme hawakununua. Yalitengenezwa 7 ukihesabu la majaribio, yakapata wateja 3, na injini zilizopangiwa magari mengine zikaishia kusukuma mabehewa ya treni nchini Ufaransa. Jina lilikuwapo, ufundi ulikuwapo, na bei ikakosa mtu. Karibu miaka 60 baadaye, mwaka 1987, Royale moja iliuzwa mnadani London kwa pauni milioni 5.5.

Hapo ndipo tunaingia kwenye Mercedes yenu, kwa sababu bei ya gari kuukuu ni kitu kingine.

Tarehe 5 Mei 2022, ndani ya makumbusho ya Mercedes-Benz huko Stuttgart, 300 SLR Uhlenhaut Coupé ilipigwa mnada na kampuni ya minada ya RM Sotheby's kwa euro milioni 135, ndizo hizo dola milioni 143 zenu. Rekodi ya mnada iliyotangulia ilikuwa dola milioni 48.4, ya Ferrari 250 GTO, mwaka 2018. Rekodi ikarukwa karibu mara tatu kwa siku moja. Fedha zikapelekwa kwenye mfuko wa kusomesha vijana.

Kwa nini gari hilo? Yalitengenezwa mawili tu, mwaka 1955, kutokana na 300 SLR ya wazi, ile ambayo dereva Stirling Moss alishindia mbio za Mille Miglia mwaka huohuo kwa wastani wa kilomita 157 kwa saa kwenye barabara za kawaida za Italia. Yenye paa yaliandaliwa kwa ajili ya mbio zilizokuja kufutwa. Mwezi Juni mwaka huo, kwenye mbio za Le Mans, 300 SLR moja iliruka ikaangukia watu, zaidi ya 80 wakafa. Mwisho wa msimu Mercedes ikajiondoa kwenye mbio kwa miongo kadhaa. Yale mawili yakabaki bila kazi, na mhandisi wake, Rudolf Uhlenhaut, akalitumia moja kama gari lake la kikazi, gari la mbio linalokaribia kilomita 290 kwa saa, katikati ya malori na baiskeli. Kwa miaka 67 kampuni haikuwahi kuliuza. Gari lenye ushindi, msiba na mtu mmoja ndani yake, na kwa mara ya kwanza unaweza kulimiliki. Hakuna kiwanda kinachoweza kutengeneza hilo leo, hata kikipewa milioni 143.

250 GTO nayo ni hivyo: zilitengenezwa 36 kati ya mwaka 1962 na 1964, ili zishindane, na zikashinda. Mtu anaweza kuunda nyingine inayofanana nayo kila ukucha. Haitakuwa na thamani hiyo, kwa maana kinachouzwa ni uthibitisho kwamba chuma hiki ndicho kilichokuwapo pale.

Uthibitisho huo ndio ulionilisha mimi. Niliwahi kuitwa kukagua gari la mbio la miaka ya sitini, mmiliki akiamini lina injini liliyozaliwa nayo. Nambari zilikuwa sahihi. Nikawasha tochi, nikaiinamisha mpaka mwanga ukalala sambamba na chuma. Mistari ya mashine ya kiwandani ilikuwa inakwenda upande mmoja juu ya bloku yote, isipokuwa kuizunguka nambari: pale ilikuwa inakatana, kama chuma kilichosuguliwa kwa msasa wa mkono. Na tarakimu ya 4 ilizama zaidi mguu mmoja. Mtu alikuwa amefuta nambari ya injini nyingine na kupiga ya uongo. Gari lilikuwa zuri, linanguruma vizuri, bati halina kasoro. Thamani ikashuka chini ya nusu pale pale, na mzee wa watu akakaa kwenye tairi la akiba asiseme neno. Chuma hakikupungua hata gramu.

Basi ubishi wenu nitaukata hivi: Bugatti, mlipie zaidi mhandisi na idadi ndogo. Rolls-Royce, mlipie zaidi mkono na muda. Ferrari mpya ya toleo maalumu, wenzako wana haki kiasi, jina limo. Mercedes ya 1955, mnunuzi amelipia historia yenye nambari ya chesisi.

Swali lako la pili. Paneli ya kaboni iliyopasuka, kwanza uliza ni kipande gani. Ikiwa ni gamba la kati linalobeba viti na kushika injini, usiliguse. Lirudi kwa waliolitengeneza. Ikiwa ni kipande cha urembo, kama spoila au kofia ya kioo cha pembeni, chukua sarafu ukigonge taratibu, ukitoka kwenye uzima kuelekea kwenye ufa. Palipo pazima panalia kavu, sauti ya juu. Tabaka zilipoachana sauti inakufa, inakuwa kama ya kadibodi. Weka alama ya chaki kila inapobadilika. Mara nyingi utakuta ugonjwa ni mpana kuliko ufa wenyewe. Nyundo weka kando, moto usiusogeze, na puti usipige juu ya ufa, itatoka na lawama. Unachonga tabaka kwa ngazi, unalaza nyuzi mpya kwa kufuata uelekeo uleule wa za zamani. Msasa utumie wa maji, vaa barakoa ya maana na mikono mirefu, kwa sababu vumbi lake ni sindano, linachoma ngozi na halifai kifuani. Kabla ya yote hayo, mwite mwenye gari aisikie sauti ya sarafu kwa masikio yake, piga picha ya alama za chaki, ndipo mpatane bei.